Saa Moja Iandikayo Ankara ya Mwezi: Ushauri kwa Walinzi wa Kompyuta Kuu

Mwenye kiwanda wa Tanga au Mombasa hahitaji kufundishwa kwamba ankara yake ya umeme ina sehemu mbili: moja ni ya umeme wote aliotumia tangu mwanzo wa mwezi hata mwisho wake, na ya pili ni ya kilele, yaani ile nafasi moja fupi ambayo mitambo yake yote ilinguruma kwa pamoja, ikadai nguvu nyingi kuliko wakati wowote mwingine. Ajua pia, maana amekwisha kulipa, kwamba mashine tatu zikiwashwa katika dakika zile zile za asubuhi humgharimu zaidi kuliko mashine zizo hizo zikiwashwa moja baada ya moja, ingawa nguo zilizofumwa ni zile zile na jasho la wafumaji ni lile lile. Nimeanza na habari ya umeme kwa sababu vijana wetu wafanyao kazi katika vyumba vya kompyuta kuu, ambao wengi wao wako Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, huulizana kwa nini ankara ya programu hupanda katika mwezi ambao hesabu ya kazi haikupanda, nami naona kwamba jawabu lake ni la namna ile ile, na kwamba aliyekwisha kuielewa ankara ya kiwanda amekwisha kufika nusu ya njia.

Kompyuta kuu za IBM, ambazo nasaba yake yatoka kwa System/360 iliyotangazwa Aprili 1964, hapo kwanza zilitolewa pamoja na programu zake kama nyumba inavyopangishwa pamoja na milango yake. Mwaka 1969 kampuni ilitangaza kutenga bei ya programu na bei ya mashine, na tangu hapo programu ikawa na ujira wake peke yake; lakini kwa miaka mingi ujira huo ulifuata ukubwa wa mashine nzima, mwenye mashine akiitumia yote au akiitumia robo yake. Mwaka 1988, katika mashine za 3090, ukaja mtambo wa PR/SM uliowezesha mashine moja kugawanywa kwa vizigeu, kila kizigeu kikiwa na mfumo wake wa uendeshaji na kumbukumbu yake kana kwamba ni mashine iliyosimama pekee. Wenye kazi huviita LPAR. Na ilipofika mwaka 2000, pamoja na mashine ya z900 na mfumo wa z/OS, ndipo ilipopatikana ruhusa ya kulipia uwezo uliotumiwa na vizigeu badala ya uwezo wote uliokaa ndani ya sanduku. Ruhusa hiyo ni neema kubwa, lakini ina masharti, na asiyeyajua masharti yake hulipa kana kwamba neema haikuja.

Kipimo chake huitwa MSU, yaani mamilioni ya vipimo vya huduma kwa saa, na msomaji akichukue kama wazee wetu walivyochukua pishi na frasila: kwamba ni kipimo kilichokubaliwa baina ya muuzaji na mnunuzi, nacho chatosha maadamu wote wawili wanakisoma sawasawa. Kila baada ya dakika 5 msimamizi wa kazi aliyemo ndani ya z/OS, aitwaye WLM, huandika kiasi kilichotumiwa na kizigeu chake, kisha hushika maandiko 48 ya mwisho, ambayo ni saa nne kamili, akayatafutia wastani. Dakika 5 nyingine zikipita, andiko la zamani kabisa hutoka, jipya huingia, na wastani hujongea hatua moja. Mwezi ukiisha, programu ya kuripoti iitwayo SCRT hupitia kumbukumbu saa baada ya saa, na kwa kila programu inayolipiwa hujumlisha wastani wa vizigeu vyote ambamo programu hiyo imo; na ile saa ambayo jumla yake imezipita saa nyingine zote ndiyo iandikwayo katika ankara. Saa nyingine zote za mwezi, ambazo ni mia sita na ushei au mia saba na ushei, hazisemi neno.

Hapa pana jambo ambalo nimewaona hata mafundi wa miaka mingi wakilisahau, nalo ni kwamba programu hailipiwi kwa kadiri ilivyofanya kazi yenyewe, bali kwa kadiri kizigeu chake kizima kilivyofanya kazi. Programu ya kutafsiri lugha ya COBOL iliyowekwa katika kizigeu cha huduma za wateja, ikaamshwa mara mbili kwa mwezi kwa ajili ya marekebisho madogo, italipiwa kwa mzigo wote wa kizigeu kile, pamoja na malipo ya wateja, mishahara na kila lililopita humo. Kwa hiyo kabla hujafikiri kumwekea mtu yeyote mpaka, zunguka kwanza katika vizigeu vyako ukiwa na orodha ya programu mkononi, na kila programu uiulize ina haja gani ya kukaa hapo. Maana kuihamisha programu moja kutoka mahali isipohitajika huweza kuokoa fedha bila kumchelewesha mtu hata dakika moja, na sijui akiba nyingine katika kazi hii iliyo safi kama hiyo.

Natuchukue mfano wa mashine yenye vizigeu vitatu. Cha kwanza ni cha huduma za wateja, cha pili ni cha kazi za bechi za usiku, na cha tatu ni cha watunga programu na majaribio yao. Saa tano asubuhi, siku yenye kazi nyingi kupita zote za mwezi, wastani wa saa nne wa kizigeu cha kwanza ni MSU 500, wa cha pili 60, na wa cha tatu 150, jumla 710. Saa nane usiku kizigeu cha kwanza kimepungua hata 180, cha pili kimepanda hata 350, na cha tatu kimelala na 20; jumla 550. Mfumo wa z/OS umo katika vizigeu vyote vitatu, basi utalipiwa kwa 710. Programu ya hifadhidata iitwayo Db2 imo katika viwili vya kwanza tu, nayo asubuhi ina 560 na usiku 530, basi italipiwa kwa 560. Programu ya COBOL, ikiwa imewekwa kwa watunga programu peke yao, italipiwa kwa 150. Ikiachwa pia katika kizigeu cha wateja, italipiwa kwa 650. Ajiulize sasa msomaji: kikomo cha kukizuia kizigeu kisipite kiasi fulani cha MSU kiwekwe wapi? Ukikibana kizigeu cha usiku kutoka 350 hata 300, jumla ya usiku itashuka, lakini usiku haukuwa ndio ulioandika ankara, wala ya z/OS wala ya Db2. Utakuwa umeichelewesha kazi bure. Ukikibana kizigeu cha watunga programu hata 80 asubuhi, z/OS itashuka kutoka 710 hata 640 siku ile ile.

Kosa hili la kubana mahali pasipo kilele nimelishuhudia, nami sikulisahau. Katika taasisi moja ya fedha Ulaya, wakuu walitoa amri kwamba gharama za programu zipunguzwe, na muda uliotolewa ulikuwa mfupi; wakakichagua kizigeu cha usiku kwa sababu mchana kuna wateja na usiku hakuna, wakaona kwamba pasipo mlalamikaji hapana madhara. Hawakutazama saa ya kilele. Kazi za kufunga hesabu zilizokuwa zikiisha kabla ya alfajiri zikaburuta miguu hata milango ya matawi ikafunguliwa, na sehemu ya mzigo wa usiku ikaingia ndani ya zile saa nne ambazo mzigo wa mchana nao ulikuwa ukipanda. Mwisho wa mwezi kilele kilikuwa kimeongezeka. Wale mafundi waliokesha wakijaribu kuzikamilisha taarifa za akaunti kwa wakati walistahiki maneno mema, lakini waliandikiwa barua za kuwauliza kwa nini akiba haikuonekana. Na mimi hata leo naona kwamba barua zile zilikosa anwani.

Kwa hiyo tadbiri ya kwanza ni kuijua saa yako. Kumbukumbu zinazohitajika umekwisha kuwa nazo: z/OS huandika rekodi za SMF, na katika hizo aina ya 70 hueleza matumizi ya prosesa na vikomo vya kila kizigeu, aina ya 72 hueleza kazi zilivyogawanyika kwa madaraja ya huduma, aina ya 30 hueleza kazi moja moja kwa jina lake, na aina ya 89 hueleza ni programu zipi zilizotumiwa na wapi. Aina ya 70 na ya 89 ndizo SCRT inazozisoma, nazo zitunzwe kama hati za shamba zinavyotunzwa, maana ripoti ya mwezi, ambayo huanza tarehe 2 na kwisha tarehe 1 ya mwezi unaofuata, hutakiwa kumfikia muuzaji kabla ya kupita tarehe 9, na data ikipungua chini ya asilimia 95 hudaiwa maelezo. Lakini usiishie kwenye ripoti. Chukua miezi 12, andika kila mwezi kilele kilitokea siku gani na saa gani, kisha fungua saa hizo nne na uzisome kazi zilizokuwemo, moja baada ya moja, kwa ukubwa wake. Aghalabu utakuta mambo matatu: kazi ya wateja ambayo haiwezi kuondoka, kazi ya bechi iliyopangiwa mchana zamani, kwa sababu ambayo aliyeijua amekwisha kustaafu, na swali moja au mawili ya hifadhidata yanayopitia jedwali zima kwa kukosa faharasa.

Hilo la pili huondolewa kwa kuhamisha saa, na hilo la tatu huondolewa kwa ufundi wa mtunga programu, na yote mawili ni bora kuliko kikomo chochote. Nasema hivi kwa kusisitiza, kwa sababu kikomo hakipunguzi kazi. Kazi iliyozuiliwa haikufutika. Imesimama mlangoni ikingoja, na pamoja nayo amesimama mtu. Bali kazi iliyohamishwa kutoka saa tano asubuhi hata saa mbili usiku imetoka katika hesabu bila kumngojesha yeyote, na swali la hifadhidata lililokuwa likila MSU 30 likapewa faharasa na kula 2 limeondoka katika hesabu daima dawamu, mchana na usiku, kikomo kiwepo kisiwepo.

Ziko pia kazi zinazoruhusiwa kwenda kwenye prosesa za zIIP, zilizokuja mwaka 2006, ambazo matumizi yake hayahesabiwi katika MSU za leseni wala hayaguswi na kikomo cha kizigeu: programu za Java, maombi yanayoijia Db2 kutoka mashine za mbali, na nyinginezo. Lakini zIIP zikiwa chache kuliko haja, kazi hizo, kwa mpangilio wa kawaida, hurudi kwenye prosesa za kawaida ili zisikwame, na zikirudi zinahesabiwa. Na kwa kuwa zIIP na prosesa za kawaida mara nyingi hushughulika saa zile zile, marejeo hayo hutokea pale pale penye kilele. Itazame hesabu ya kazi zilizorudi kabla hujasema kwamba huna la kufanya.

Jambo jingine lipaswalo kutangulia vikomo ni kuusoma mkataba. Tangu mwaka 2015 iko mikataba inayojumlisha mashine zote za mwenye mali zilizomo katika nchi moja, na hapo kilele ni cha mashine zote kwa pamoja, si cha kila moja peke yake. Basi kukibana kizigeu cha mashine yenye kilele cha alasiri hakusaidii ikiwa kilele cha jumla ni cha asubuhi. Na tangu mwaka 2019 uko mkataba uitwao Tailored Fit Pricing, ambao kwa sura yake ya matumizi hauangalii kilele cha saa nne kabisa, bali hujumlisha matumizi ya mwaka mzima. Aliye chini ya mkataba huo akiweka vikomo ili kushusha kilele anaivumilia shida isiyolipwa, kwa maana kazi iliyozuiliwa saa tano ikafanyika saa tisa imehesabiwa vile vile. Kwake yeye akiba ni kupunguza kazi yenyewe, na ule ufundi wa faharasa ndio mali yake. Programu za wauzaji wengine nazo zina mikataba yake, na mingi hufuata ukubwa wa mashine nzima bila kujali kizigeu. Usiahidi akiba kwa programu ambayo hukuusoma mkataba wake.

Na unapoihesabu akiba, usigawanye ankara nzima kwa MSU zote ukadhani umepata bei ya MSU moja. Katika ada za mwezi zinazofuata mzigo, MSU 3 za kwanza zina bei yake, kisha huja daraja la 4 hadi 45, la 46 hadi 175, la 176 hadi 315, la 316 hadi 575, la 576 hadi 875, na kuendelea juu. Na katika kila daraja bei ya MSU moja hushuka. Zile MSU 70 tulizoziondoa katika mfano wetu, kutoka 710 hata 640, zote zilikuwa katika daraja la 576 hadi 875, yaani miongoni mwa zile za bei ndogo. Aliyewaahidi wakuu wake akiba kwa bei ya wastani atakuwa ameahidi zaidi ya itakayokuja, na wakuu wa fedha hawasahau ahadi.

Baada ya hayo yote, ikiwa kilele bado ni kikubwa kuliko unavyoweza kulipa, ndipo uvishike vikomo, na kwanza ukifahamu vyema kikomo cha kizigeu kinavyofanya kazi, kwa maana hakifanyi kama jina lake linavyodhaniwa. Kikomo hiki, kiandikwacho kwa MSU, hakiyazuii matumizi ya dakika hii, bali huungoja wastani wa saa nne uifikie alama, kisha ndipo WLM inapoiambia PR/SM ikizuie kizigeu kisipite alama hiyo hata wastani ushuke. Turudi kwa watunga programu wetu. Kizigeu chao kilikuwa kimetulia tangu alfajiri. Saa mbili asubuhi wanaingia, wanaanza kutumia MSU 200, na wasipozuiliwa hufanya hivyo mpaka saa tano, wakawa wametimiza kazi yao, na wastani wao wakati huo ndio ile 150 tuliyoiona. Sasa weka kikomo cha 80. Saa mbili wataanza kwa 200 kama ada yao, wala hapana atakayewazuia, maana wastani bado ni mdogo. Saa tatu na dakika 36 wastani utafika 80, na hapo mlango utafungwa: kuanzia dakika hiyo watapata 80 tu. Kazi iliyokuwa ikiisha saa tano itaisha saa saba na dakika 6. Cha kushangaza ni kwamba wastani wenyewe hausimami kwenye 80. Maandiko ya zamani yaliyokuwa sifuri yanatoka na ya 80 yanaingia, basi utaendelea kupanda hata saa sita mchana ufike 128, na ndipo uanze kuteremka. Fundi mgeni akiiona 128 juu ya kikomo cha 80 hudhani kwamba kikomo kimevunjika. Hakikuvunjika: SCRT, ikikuta wastani umepita kikomo, huchukua kikomo, na ankara itasema 80.

Nimeieleza hesabu hii kwa urefu kwa sababu ndani yake mna bei halisi ya akiba. MSU 70 zimenunuliwa kwa saa mbili na dakika 6 za watunga programu, katika asubuhi zao zenye kazi nyingi. Huenda ni biashara njema. Mimi naona mara nyingi ni njema. Lakini ni biashara, na wale wanaolipa upande wa pili wana haki ya kuambiwa kabla, kwa maneno yanayofahamika, kwamba wakianza kwa pupa saa mbili watafungiwa kabla ya saa nne, na kwamba wakizitawanya kazi nzito ili wastani wao usifike 80 hawatafungiwa kabisa. Niliwahi kuona watunga programu wakihangaika juma zima kutafuta kasoro katika programu isiyo na kasoro, kwa kuwa hapana aliyewaambia kwamba kizigeu chao kimewekewa kikomo.

Ukiwa na vizigeu vingi, kikomo cha kundi, yaani kikomo kimoja cha vizigeu kadhaa kwa pamoja, hupendeza zaidi, kwa sababu kinachoachwa na mmoja huenda kwa mwenzake. Lakini hapa ndipo insafu inapohitajika, maana kundi likishafungwa, mgawanyo hufuata uzito, yaani fungu la mashine lililoandikiwa kila kizigeu, si umuhimu wa kazi iliyomo. Tuseme kundi letu lina kikomo cha 640, na uzito wa vizigeu ni 600, 250 na 150, kama ulivyoandikwa siku mashine iliponunuliwa. Haki ya kizigeu cha wateja ni 384. Saa tano asubuhi kizigeu cha bechi, chenye haki ya 160, hutumia 60 tu na kuacha 100. Hizo 100 zitagawanywa kwa uzito baina ya wateja na watunga programu, na wateja watapata 464 ilhali wanahitaji 500. Mteja aliyesimama mbele ya karani amepunguziwa ili majaribio yaendelee, na hapana mtu aliyekusudia hivyo. Ubadilishe uzito uwe 800, 100 na 100, na haki ya wateja itakuwa 512, ambayo yatosha. Utaniambia kwamba bechi imeonewa kwa kupewa 64. Haikuonewa: saa nane usiku wateja wanatumia 180 na watunga programu 20, na bechi inaweza kuchukua 440 yote iliyobaki, nayo yahitaji 350. Uzito hausemi neno pasipo ushindani. Basi uandike kwa ajili ya saa ya ushindani.

Ndani ya kizigeu kimoja, WLM hutazama umuhimu uliouandika wewe, kutoka 1 hata 5, kisha kazi za hiari, na kizigeu kikizuiliwa walio chini ndio wanaonyimwa kwanza. Hilo ni jema maadamu madaraja yameandikwa kwa ukweli. Taasisi ambayo kila mkuu wa idara amepigania kazi zake ziwe za daraja la kwanza haina daraja la kwanza, na siku ya kuzuiliwa wote watakwama pamoja. Na hata madaraja yakiwa sawa, jihadhari na kazi ya chini iliyoshika kufuli la hifadhidata kisha ikanyimwa prosesa: kazi kubwa iliyo juu itaingoja ile ndogo, na hiyo ndogo haiendi. z/OS ina njia ya kuzidondoshea kidogo kidogo kazi zilizokwama ili ziachie zilichokishika, nayo hurekebishwa katika vigezo vya IEAOPT. Kabla ya kuweka kikomo hakikisha njia hiyo imewekwa kwa kiasi cha kutosha, si kwa kiasi kilichorithiwa. Ikiwa tatizo lako ni kazi za aina moja tu, unaweza pia kuziwekea mpaka hizo peke yake kwa kundi la rasilimali ndani ya WLM, ukauacha huru mlango wa kizigeu kizima.

Kiko pia kikomo kamili, kinachoandikwa kwa idadi ya prosesa, mathalani 2 na nusu. Hiki hakingoji wastani. Hushika papo hapo. Chafaa pale ambapo mkataba wa muuzaji mwingine umefungwa na idadi ya prosesa, lakini kumbuka kwamba mashine ikibadilishwa kwa iliyo na kasi zaidi, 2 na nusu ya jana si 2 na nusu ya leo.

Limebaki la siku ya dharura, ambalo liandikwe kabla haijafika. Vikomo vya kizigeu na vya kundi hubadilishwa mashine ikiwa inakwenda, bila kuizima, basi tatizo si ufundi bali ni ruhusa: nani aamshwe saa nane usiku, na nani aweza kusema kikomo kiondolewe bila kungoja kikao. Mpe ruhusa hiyo mtu wa zamu, umwandikie kwenye karatasi moja hesabu mbili tu: kilele kilichokwisha kufikiwa tangu tarehe 2, na jumla ya wastani wa saa hii. Ikiwa kilele cha mwezi kimekwisha kuwa 640 tarehe 11, na usiku wa tarehe 20 wastani wa jumla ni 550, basi MSU 90 zilizo katikati zimekwisha lipiwa. Akiondoa kikomo cha kizigeu kilichokwama, na jumla isipite 640, ankara ya z/OS haitaongezeka hata senti, ila azitazame pia zile programu zilizo katika vizigeu vichache, kama Db2, maana zina vilele vyake zenyewe. Asubuhi akirudishe kikomo mahali pake na aandike saa aliyokiondoa na saa aliyokirudisha. Tarehe 2 hesabu huanza upya, na hiyo karatasi ya zamu nayo ianzwe upya siku hiyo hiyo, kabla watu wa usiku hawajaingia.